Zamu baharini: sita kwa sita au nne kwa nane?

Meti_wa_Pili: Wakuu, meli yangu ina maofisa wawili tu wa zamu, kwa hiyo tunakwenda sita kwa sita: saa sita kazini, saa sita mapumziko. Nimepata nafasi kwenye meli ya nne kwa nane (saa nne kazini, nane mapumziko), ila mshahara umepungua. Mliopitia zote mbili, mnasemaje?

Alfajiri: Nenda, ndugu yangu. Saa sita za mapumziko si saa sita za usingizi. Unakabidhi zamu, unakula, unaoga, unamalizia makaratasi, na kabla ya zamu unaamshwa mapema. Mimi nilikuwa nabakiwa na saa nne. Usiku mmoja nilisoma masafa kwenye rada, nikageuka kuyaandika, yakawa yamenitoka. Nikasoma upya. Yakanitoka tena. Sikuwa nimesinzia, nilikuwa nimesimama, macho wazi.

Fundi wa Chini: Na kwenye karatasi sita kwa sita inapita! STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, inadai mapumziko ya angalau saa 10 katika kila 24, na 77 kwa wiki. Balaa ni bandarini, kupakia kunapovuruga zamu. Meli ya Shen Neng 1 ilipanda mwamba wa Great Barrier Reef, Australia, Aprili 2010 baada ya kupakia makaa ya mawe. Chifu meti, yaani msaidizi mkuu wa nahodha, ndiye aliyekuwa zamu, na alikuwa amelala kama saa mbili na nusu tu katika saa 38 zilizotangulia. Mtu wa namna hiyo hafai kuachiwa meli, hata awe hodari vipi.

Bahari Kuu: Nakubali, lakini Meti, uliza utapewa zamu ipi. Ya saa sita usiku hadi saa kumi ni ngumu hata ukiwa umelala vizuri, maana mwili wenyewe unadai kitanda. Faida kubwa ya nne kwa nane ni kwamba unapata saa nane mfululizo kati ya zamu, usingizi unarefuka. Uliza pia kama baada ya zamu wanakurudisha sitahani kwa kazi za ziada. Wakifanya hivyo, zile nane zimeliwa.

Alfajiri: Ukibaki ulipo, ombeni nahodha awaruhusu saba-saba-tano-tano, yaani zamu mbili za saa saba kisha mbili za saa tano, mkipokezana. Angalau kipande kimoja cha usingizi kinarefuka.

Meti_wa_Pili: Nimewauliza. Zamu yangu ni saa mbili hadi saa sita, asubuhi na usiku, na kazi za ziada ni siku za bandarini tu. Nasaini kesho. Asanteni sana.