Harusi Nyekundu: je, kosa la Robb Stark linaipunguza khiana ya Walder Frey?

Mtoto wa Mkoani (mleta mada)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Wiki iliyopita tuliangalia tena, nyumbani kwetu Mkoani, sehemu ya tisa ya msimu wa tatu wa tamthilia ya Game of Thrones, ile iitwayo "The Rains of Castamere", ambayo ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Juni 2013 na ambayo wengi tunaijua kwa jina la Harusi Nyekundu. Mabishano yaliyozuka baada yake hayajesha mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwa aliyesahau, kisa chenyewe ni hiki. Robb Stark, kijana aliyetangazwa kuwa Mfalme wa Kaskazini, alimuahidi Walder Frey, mzee mwenye ngome, kwamba atamuoa mmoja wa binti zake, kisha akampenda Talisa na akamuoa yeye. Ili kumtuliza mzee huyo, anampelekea mjomba wake, Edmure Tully, amuoe Roslin Frey badala yake. Wageni wanapokewa ngomeni, wanapewa mkate na chumvi, wanakula mbele ya mwenyeji wao, na kwa mila ya Westeros, nchi ya kubuni ya tamthilia hii, tangu hapo imeshakuwa haramu kwa mwenyeji na mgeni kudhuriana. Usiku uleule, baada ya maharusi kusindikizwa chumbani, mlango wa ukumbi unafungwa. Anauliwa Talisa akiwa na mimba, anauliwa Robb, anauliwa mama yake Catelyn, na nje wanauliwa askari wao waliokuwa wakila na kunywa.

Ami yangu, ambaye namheshimu sana kwa maoni yake, anasema Robb alijichimbia kaburi mwenyewe, kwa kuwa ahadi ni deni na mwenye kudai hapangiwi namna ya kudai. Mimi moyo wangu unakataa, lakini kila nikitaka kumjibu najikuta narudia neno "wamekula chumvi" bila ya kuweza kulijengea hoja. Je, mtu aliyevunja ahadi ya ndoa amejitoa katika hifadhi ya mwenyeji aliyemlisha? Na jambo la pili, ambalo linaniumiza zaidi: dalili zilikuwepo, au sisi na Robb tulidanganywa sawasawa?

Binti wa Ng'ambo

Wa alaykumu salaam, kaka yangu. Swali lako la kwanza nawaachia wengine. Mimi nataka kulishika hilo la dalili, kwa sababu naamini mtu aliyekulia katika harusi zetu ana sikio la kuielewa sehemu hii kuliko watazamaji wengi.

Sisi tunajua kwamba wimbo harusini haupigwi kwa ajili ya starehe peke yake. Mwimbaji wa taarabu anapofika kwenye ubeti fulani, na mwanamke mmoja akainuka na noti mkononi kwenda kutunza huku akimpitia mwenziwe kwa makusudi, ukumbi mzima unaelewa fumbo limerushwa kwa nani, ingawa hakuna jina lililotajwa. Sasa tazama kilichotokea pale kwa Frey. Mlango unafungwa, na wapiga muziki walioko roshani wanaacha nyimbo za furaha na kuanza wimbo wa ukoo wa Lannister, ambao ni maadui wa Robb. Wimbo huo unakumbusha jinsi Tywin Lannister alivyoufuta ukoo wa Reyne wa Castamere ulipoasi. Nyumbani kwa mtu anayedai kuwa upande wako, katika karamu ya ndoa, unapigiwa wimbo wa maangamizi ya waasi. Fumbo lililo wazi kuliko hilo sijalisikia.

Na waandishi wake, David Benioff na D. B. Weiss, walitupa ufunguo mapema. Katika sehemu ya nane, ambayo nayo ina harusi, ile ya Tyrion na Sansa, Cersei, binti wa Tywin, anamsimulia Margaery habari za ukoo wa Reyne na mwisho wao. Tulisikia, tukapita.

Aliyelisikia fumbo ni Catelyn peke yake. Robb na Talisa wako katika furaha yao, Talisa ametoka kumwambia kwamba mtoto akizaliwa mwanamume watamwita Eddard, jina la babu yake aliyekatwa kichwa, na wakati huohuo mama mtu anageuza shingo kuelekea roshani. Michelle Fairley anaigiza yote kwa uso: kwanza anashangaa, kisha anaanza kupiga hesabu. Ndipo anapomtazama Roose Bolton, mmoja wa makamanda wa Robb, aliyekaa karibu naye, akaunyanyua mkono wa nguo yake na kukuta deraya chini yake. Mtu amekuja harusini na vazi la vita chini ya vazi la karamu. Mara hiyo anampiga kofi na kumpigia kelele mwanawe, lakini kisu kimeshafika tumboni mwa Talisa na mishale imeshaanza kumiminika kutoka palepale roshani ulipotoka wimbo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba dalili zilikuwepo, ila zilisemwa kwa lugha ambayo ukumbini mle mtu mmoja tu aliijali, naye alikuwa mama.

Baharia wa Wete

Ndugu yangu wa Mkoani, mimi nitasimama upande wa ami yako, angalau kwa nusu ya safari, kwa sababu naona watu wengi wanalisahau daraja.

Ngome za Frey zinaitwa Twins kwa kuwa ni mbili, moja kila upande wa mto, na kati yao kuna daraja. Katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza jeshi la Robb lilikuwa limekwama upande mmoja, na Catelyn mwenyewe ndiye aliyeingia kuzungumza na mzee. Alitoka na masharti: jeshi livuke na Frey atoe watu wake, na kwa upande mwengine Robb aoe mmoja wa mabinti na mdogo wake, Arya, aolewe na mmoja wa vijana wa Frey. Robb alikubali, akavuka, akapeleka askari 2,000 kumzuga Tywin, na kwa hila hiyo akamkamata Jaime Lannister, mwana wa Tywin. Bila ya daraja lile ushindi ule haukuwepo. Nauli imeshaliwa, safari imeshafika, na abiria akakataa kulipa. Anayeishi kisiwani, ambako kila kitu kinapita bandarini, anajua uzito wa jambo hili.

Tena hakuvunja ahadi kwa kulazimishwa, bali alichagua. Kisha alipohitaji watu tena, baada ya kumkata kichwa Rickard Karstark, kabaila wake mwenyewe, na kupoteza karibu nusu ya jeshi lake, alirudi kwa mzee yuleyule na mpango wa kuishambulia Casterly Rock, ngome ya ukoo wa Lannister, akiwa na mjomba wake kama badala. Samahani ya namna hiyo ina njaa ndani yake, na Walder Frey aliiona njaa hiyo mara moja. Anapomsimamisha Talisa mbele ya watu na kumtazama juu mpaka chini, kitendo ni cha aibu kubwa, lakini aibu waliyopata binti zake waliosimamishwa mstari nayo ilikuwa aibu.

Haya nayasema bila ya kuihalalisha damu. Nasema kwamba Robb alikuwa na deni la kweli, na hadithi inapoteza nguvu yake tukimfanya kuwa malaika.

Mwalimu Mstaafu, Unguja

Baharia amesema kweli kuhusu deni, na mtoa mada asiogope kuikubali kweli hiyo, kwa sababu haimpunguzii chochote katika hoja yake.

Walder Frey alikuwa na njia nyingi halali. Angeweza kufunga lango na kuwaacha wageni wake mvuani, au angeweza kudai fidia kubwa zaidi, au hata kujitangaza adui na kupigana naye uwanjani, na hakuna ambaye angemlaumu sana. Kati ya njia zote alichagua ile moja ambayo haiwezekani bila ya kuaminiwa. Mkate na chumvi havikuwa kosa la pembeni katika mpango wake. Ndivyo vilivyokuwa silaha yenyewe, maana bila ya kula kwanza, Robb na watu wake wasingekaa wakastarehe mbali na panga zao. Hapo, mwanangu, ndipo hoja yako unapoweza kuijenga: mwenye deni hudaiwa kwa deni lake, lakini amana haigeuzwi kuwa mtego.

George R. R. Martin, ambaye kitabu chake A Storm of Swords cha mwaka 2000 ndicho chanzo cha kisa hiki, ameeleza kwamba aliegemea mambo mawili ya kweli katika historia ya Scotland. La kwanza ni la mwaka 1440, wakati William, kijana aliyekuwa mkuu wa ukoo wa Douglas, na mdogo wake David walipoalikwa kula katika ngome ya Edinburgh pamoja na mfalme James II, aliyekuwa mtoto wa miaka 10, kisha wakakamatwa na kukatwa vichwa. La pili ni la Glencoe, ambako askari chini ya kapteni Robert Campbell walikaribishwa na kulishwa majumbani na ukoo wa MacDonald kwa muda wa karibu wiki mbili, na alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692 wakawageukia wenyeji wao na kuwaua. Huko mgeni ndiye aliyeua mwenyeji. Sheria ya Scotland ilikuwa ikilihesabu kuua chini ya amana kuwa kosa zito kuliko kuua kwa kawaida, na naona kwamba wabunge wale wa kale wangemuelewa mtoa mada mara moja.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Wazee wa Pemba wanalijua jina la Mazrui, waliopata kukitawala kisiwa hicho. Mwaka 1837, mapambano yao ya muda mrefu na Seyyid Said yalipokwisha, viongozi wao walikamatwa kwa hila huko Mombasa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas. Hila ilifanya kazi ambayo mizinga ilikuwa imeshindwa kuifanya kwa miaka.

Tywin Lannister ana utetezi wake katika sehemu ya kumi: anauliza ni kwa nini kuua watu maelfu vitani kuwe na heshima kuliko kuua wachache karamuni. Hesabu yake ina mvuto, na nimewasikia vijana wakiikubali. Lakini inahesabu maiti za usiku mmoja tu. Tazama ukoo wa Frey katika sehemu ya mwisho ya msimu wa sita na ile ya kwanza ya msimu wa saba: Arya anamuua mzee, kisha anavaa uso wake, anawaita wanaume wa ukoo ule karamuni katika ukumbi uleule, na kuwanywesha mvinyo wenye sumu.

Mtoto wa Mkoani (mleta mada)

Nawashukuru wote, na Mwalimu shikamoo. Nimemsomea ami majibu yenu yote kwa sauti barazani. Lile la taarabu lilimfanya anyamaze kidogo, na lile la daraja alitaka nimsomee mara mbili.

Nimerudi pia kuiangalia sehemu ya kumi, na nimekutana na kisa anachosimulia Bran, mdogo wake Robb, cha mpishi aliyemuua mtoto wa mfalme, akampika, na kumlisha baba yake. Bran anasema miungu haikumlaani mpishi yule kwa kuua, wala kwa kumlisha baba nyama ya mwanawe, bali kwa sababu aliyeuawa alikuwa mgeni chini ya dari yake. Nilisikia hayo miaka ile nikayapita, kama tulivyoupita wimbo.

Jana usiku nilimsimulia bibi yangu kisa kizima kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye filamu hizi haziangalii. Nilimueleza ahadi, daraja, mabinti waliosimamishwa mstari na Talisa, na yote hayo aliyasikiliza huku akisuka ukili wake bila ya kuinua kichwa. Nilipofika kwenye mlango kufungwa, alisimamisha mikono na kuniuliza jambo moja tu.

"Walikuwa wameshakula?"

Nikamwambia ndiyo, mkate na chumvi, mbele ya mzee mwenyewe. Akauweka ukili chini, na hakutaka niendelee.

Ami bado ameshikilia daraja lake.