Keki zinabonyea katikati tangu nihamie Arusha, pia naomba sehemu nzuri ya kumpeleka mama

Binti_Chumbageni

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamia Arusha kikazi mwaka huu, naishi Sakina, na kuna mambo mawili yananiumiza kichwa nikaona niyalete kwa wenyeji.

La kwanza keki. Risipe yangu ni ile ile niliyofundishwa na bibi, unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita, maziwa kikombe kimoja, iliki ya kutwanga na beking pauda vijiko vinne vya chai. Kule Tanga inatoka imejaa, laini, watu wanaisifia. Hapa inaumuka haraka mno, yaani ukichungulia kwenye kioo cha oveni mapema tu unakuta imeshafika ukingoni mwa bati na juu imepasuka, halafu kabla haijaiva katikati inaanza kushuka taratibuu mpaka linabaki shimo. Ukiikata pale kwenye shimo imekaza, inang'aa na inanata kwenye kisu, pembeni nako kavu. Oveni ni ile ile ya gesi niliyohama nayo. Unga nimebadilisha, beking pauda nimebadilisha, mayai nachukua soko la Kilombero ya siku hiyo hiyo, bado. Jirani ananiambia ni baridi ya huku.

La pili, mama yangu anakuja kunitembelea mwisho wa mwezi na nataka siku moja nimtoe tukale nje, mchana au jioni. Ni mtu wa pwani, lazima iwe halali, kelele hapendi, kahawa anaipenda sana na kitu kitamu baada ya chakula hakikosi. Sitaki sehemu ya kupiga picha tu, nataka ale afurahi. Halafu nyumbani nimpikie keki ya bibi, yaani mama yake, ndo maana hili la shimo linaniuma kiasi hiki.

Natanguliza shukrani.

Jiko_la_Njiro

Pole dada, na karibu Arusha. Hiyo risipe haina kosa lolote, ni nzuri sana kwa Tanga. Mimi naoka keki za send-off na kipaimara hapa Njiro na wateja wangu wengi waliohamia kutoka Dar na Tanga wananiletea malalamiko haya haya.

Shida ni mwinuko. Tanga uko usawa wa bahari, Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu. Huku presha ya hewa ni ndogo kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo ile gesi inayotolewa na beking pauda haina kitu cha kuikandamiza, inatanuka kupita kiasi. Keki inapanda kwa fujo kabla unga na mayai havijashika, vile viputo vinakuwa vikubwa vinapasuka, hewa inatoka, kinachobaki ni lile shimo. Na maji nayo huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndo maana hata maharage yanachukua muda kuiva, utakuwa umeshaona kwenye gesi yako inavyoisha. Kwenye keki maana yake ni kwamba unyevu unakimbia haraka, sukari inabaki nyingi kuliko maji yaliyopo, na sukari ikizidi keki inachelewa kushika. Ndo hiyo sehemu unayoona inang'aa na kunata.

Kwa hiyo fanya hivi kwa risipe yako. Beking pauda toka vijiko vinne shuka vitatu, usiogope, itapanda tu. Kwenye ile robo ya sukari toa kijiko kimoja kikubwa. Unga ongeza kijiko kikubwa kimoja, maziwa ongeza vijiko vikubwa vitatu. Oveni kama ulikuwa unaweka 180 weka 190 ili ishike mapema kabla haijapanda kupita, na uanze kuiangalia dakika kama kumi kabla ya muda wako wa zamani. Bati lijaze nusu tu, wengi wanajaza mpaka robo tatu.

Kitu kingine watu hawakisemi, mayai usiyachape sana. Ile ya kuwasha miksa ukaenda kuosha vyombo, mayai yanajaa hewa mpaka meupe kabisa, pwani inasaidia ila huku unajiongezea gesi juu ya gesi. Chapa mpaka yachanganyike yawe mepesi, simama.

Iliki usipunguze hata kidogo 😊

Fundi_Oveni

Nakubaliana na Jiko_la_Njiro kuhusu mwinuko, ila mi nimetengeneza majiko miaka mingi na naomba dada asiache kuangalia oveni yenyewe, maana amesema amehama nayo. Jiko likisafirishwa juu ya Fuso kutoka Tanga mpaka Arusha kwa kawaida rabara ya mlango inalegea au mlango unapinda kidogo, wewe kwa macho huoni. Chukua karatasi ya daftari, ibane kwenye mlango, funga, halafu ivute. Ikichomoka kirahisi hapo joto linavuja. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Rabara mpya unaipata, ila beba ile ya zamani ukanunulie, zinatofautiana.

La pili namba za kwenye kitufe cha oveni zisikudanganye, unaweka 180 ndani kuna 160 au 210. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, sio ghali, ndipo utajua hiyo 190 aliyokwambia mdau ni 190 kweli. Kama jiko halijakaa sawa sakafuni pia keki itaegemea upande mmoja, weka bakuli la maji juu yake uone.

Na ile baridi aliyosema jirani haina uhusiano na shimo, lakini ina ukweli wake mwezi wa sita na wa saba. Siagi huku inakuwa ngumu, ukiichapa na sukari haishikani unabaki na mabonge. Iache nje toka asubuhi, sio uiyeyushe kwenye moto, ikiyeyuka keki inakuwa nzito.

Kama gesi ikikuishia siku hiyo ya mama, sufuria na mkaa bado ni oveni nzuri tu. Makaa mengi juu ya mfuniko, machache sana chini, na ndani ya sufuria weka mchanga kidogo bati lisigusane na chini. Wanaokosea wanafanya kinyume, chini inaungua juu mbichi.

Mlaji_wa_Chuga

Hayo ya oveni mmeyamaliza, acha mi niende kwenye kula.

Kwa halali na ladha ya uhakika mpeleke Khan's, mtaa wa Msikiti. Mchana pale ni mambo ya magari na spea, jioni wanatoa majiko nje, moshi unakupokea toka mbali, kuku na mishkaki, na meza ya saladi na pilipili za kila namna unajichagulia. Kwa mtu wa pwani aliyezoea nyama yenye viungo hatakuwa na neno. Tahadhari tu kwamba ni barabarani na kukichanganya watu wanajaa, kwa mama asiyependa kelele fikeni mapema wakianza kuchoma, mnakula kwa utulivu mnaondoka wengine ndo wanakuja.

Kwa kahawa na kitu kitamu mchana, Fifi's barabara ya Themi au Msumbi pale kwenye maduka ya TFA. Ushauri wangu kwenye kafe yoyote ile usiangalie kabati la kioo, muulize mhudumu keki gani imeokwa leo. Ipo hoteli moja mjini niliwahi kupeleka wageni tukaletewa keki ya chokoleti imetoka friji muda huo huo, krimu imeganda mpaka kijiko hakiingii na inanuka vitunguu vya friji, na bei yake ungenunua trei la mayai ukabaki na chenji. Keki kavu ya ndimu iliyookwa asubuhi ni bora mara mia kuliko ya krimu tatu-nne za rangi iliyolala.

Na kahawa uliza kama ni ya mashine au ya kopo. Hili linaniuma kwa kweli. Ukitoka mjini kuelekea Kisongo unapita kwenye mashamba ya kahawa ya Burka, mibuni ipo pale unaiona kwa dirisha la hiace, halafu unakaa kwenye mgahawa wa maana unaletewa maji ya moto na kopo la unga wa kukoroga. Mtu akiniletea hivyo sirudi. Bora wale jamaa wa kutembea na birika lao juu ya jiko la mkaa wakigonganisha vikombe, kahawa chungu na kashata ya karanga, mama wa Tanga hiyo ataifurahia kuliko mnavyodhani.

Angalia pia chini ya menyu kama bei zimejumlisha VAT. Sehemu nyingine hawajajumlisha, unapiga hesabu yako vizuri ikija risiti imeongezeka asilimia 18, mbele ya mgeni sio kitu kizuri.

Ndizi_Mshare

Mbona mnamfungia mama wa watu Arusha tu? Mlete Moshi siku moja, ni kama kilomita 80, asubuhi mnatoka jioni mmerudi.

Mama anayependa kahawa nitampeleka Union Café, ni ya KNCU, kile chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro cha tangu 1933. Kahawa inatoka kwa wakulima wenyewe wa mlimani na wanaikaanga pale pale, ukikaa harufu inakufuata mpaka kwenye nguo. Hakuna kelele, mnakaa mnaongea. Mwambie mama kwamba kahawa ya mlima huu ilianzia misheni ya Kilema, mapadre waliileta 1898, wazee wa pwani wanapenda sana kujua kitu kimetoka wapi.

Chakula cha mchana msile chips Moshi tafadhali. Tafuta mtori wa ndizi mshare na nyama ya ng'ombe, uliopondwa ukalainika, ule ule anaopewa mzazi akijifungua, bakuli moja linatosha. Mama ntilie wengi wanapika na wanajua, uliza tu nyama imetoka wapi kwa ajili ya halali.

Halafu rudi na ndizi kisukari, zile zilizoiva mpaka ganda limeanza weusi ambazo wauzaji wanakupunguzia bei. Mkate wa ndizi ni mzuri kwa anayeanza kuoka huku juu kwa sababu ndizi zina maji yake, haukauki ovyo na hautaki hewa nyingi. Ndizi sita ndogo ziponde kwa uma, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, sukari nusu kikombe, unga vikombe viwili, beking soda kijiko kimoja cha chai kisichojaa, chumvi kidogo. Mi naongeza vijiko viwili vya kahawa nzito iliyopoa, ladha ya ndizi inakolea. Moshi hatufiki hata mita 1000, hivyo marekebisho yetu ni madogo kuliko yenu, wewe wa Arusha hiyo soda shusha mpaka robo tatu ya kijiko.

Binti_Chumbageni

Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Karatasi imechomoka upande wote wa juu wa mlango! Fundi ulijuaje. Rabara nimebadilisha, na kipimajoto nimeweka, kumbe nikiweka 180 ndani ilikuwa haifiki 165.

Keki nimeoka jana kwa vipimo vya Jiko_la_Njiro. Imepanda pole pole, juu imekuwa na rangi ya asali bila kupasuka, kijiti kimetoka kikavu na katikati haijashuka hata baada ya kupoa. Jirani wa baridi nimempelekea kipande, ameomba vipimo.

Ratiba ya mama nimeshapanga, Khan's tutafika mapema siku ya kwanza, Moshi Jumamosi kwa ajili ya kahawa na mtori, kafe za mjini nitaona yeye mwenyewe akitaka.

Swali la mwisho, mama akija lazima atataka mahamri asubuhi na mimi yale ya hamira huku yananishinda, yanavimba haraka halafu yakiingia kwenye mafuta yanalala na yana uchachu. Ni mwinuko tena?

Jiko_la_Njiro

Hongera! Hilo la kijiti kukauka nimefurahi kuliko unavyodhani.

Ndio, mwinuko tena. Donge la hamira huku linaumuka haraka kwa sababu ile ile, usifuate saa ya Tanga, fuata donge lenyewe. Likishakuwa mara mbili ya lilivyokuwa basi, ukilisubiri zaidi linachacha na nguvu inaisha. Hamira punguza robo, na ukishaona limeumuka mara ya kwanza likandamize kwa ngumi hewa itoke, liache liumuke tena ndipo ukate. Unga wa huku unakuwa mkavu pia kwa hiyo tui la nazi ongeza kidogo kidogo mpaka donge liwe laini mkononi. Yakishakatwa yasikae muda mrefu juu ya meza, mafuta yawe tayari yamepata moto.

Kama unayataka alfajiri, kanda usiku na hamira kidogo sana, funika, weka sehemu yenye baridi. Nazi za kukuna zipo Soko Kuu, chagua nzito unayosikia maji yake ukiitikisa.