Naomba ushauri: nitajuaje TV ya flat yenye picha nzuri kabla sijalipa? (Mbeya)

Kijana wa Isyesye:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta flat ya inchi 43 ya sebuleni. Makochi yamezunguka kuta tatu, lile la katikati liko kama mita 3.5 kutoka TV itakapokaa. Matumizi ni king'amuzi cha dishi, mpira, na muvi za kwenye flashi usiku. Pale Mwanjelwa zote zimewekewa video ya maua na samaki, zote zinang'aa, sioni tofauti. Muuzaji mmoja ananisukumia 4K yenye HDR, mwingine ana mtumba wa Japani wa bei ya chini. Niangalie nini?

Fundi Kabwe:
Mkuu, video ya maua hupendeza hata kwenye kioo kibovu. Halafu TV za dukani huachwa kwenye mpangilio wa maonyesho: taa za nyuma ziko mwisho, rangi zimekolezwa, weupe umevutwa kwenye ubluu. Omba rimoti, ingia menyu ya picha, toa Vivid au Dynamic, weka Movie au Cinema. Mwanzoni utaona kama imefifia na ina umanjano. Yape macho dakika chache yazoee, ndipo ulinganishe na ya jirani ikiwa kwenye mpangilio huohuo. Sharpness (ukali wa kingo za picha) ishushe karibu na sifuri. Ikiwa juu, maandishi ya matokeo pale kwenye kona ya mpira yanazungukwa na ukingo mweupe ambao kamera haikuupiga.

Nenda na flashi yako. Iformati FAT32, maana karibu kila TV inaisoma, ila haipokei faili linalozidi GB 4. Weka picha za JPEG za 1920 kwa 1080 zenye rangi moja tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na kijivu cha katikati. Kompyuta yoyote inazichora. Ongeza moja inayotoka nyeusi kwenda nyeupe taratibu.

Kwenye nyekundu, kijani na bluu unatafuta nukta iliyokufa au iliyoganda. Kwenye nyeusi, waombe wapunguze taa za duka uone kama kona zinavujisha mwanga. Kijivu ndicho wengi hawakijui, na kwa mtu wa mpira ndicho muhimu kuliko vyote: simama mita mbili, tazama kama kuna mistari ya wima au madoa kama kioo kimefutwa kwa kitambaa kichafu. Kamera ikifuata mpira uwanjani, madoa hayo yanabaki palepale huku nyasi zikipita chini yake, na hakuna setingi ya kuyaondoa. Ile ya nyeusi kwenda nyeupe ikionyesha ngazi ngazi badala ya kuteleza, ujue anga la machweo nalo litakatika vipande.

Beba na futi kamba. Pima kioo chenyewe kona kwa kona, fremu usiiguse. Inchi 43 ni sm 108 hadi 109. Ikisoma 101, hiyo ni inchi 40 iliyobandikwa stika.

Mama Uyole:
Kaka, kwa makochi ya kuta tatu, aina ya kioo itakuamulia mengi kuliko chapa. Vya LCD viko vya IPS na vya VA. Weka picha ya uso wa mtu, kisha tembea pembeni mpaka usawa wa kochi la ukutani. Uso ukipauka na nywele nyeusi zikawa kijivu, hiyo ni VA. Ukibaki karibu vilevile, ni IPS. Ukitaka uhakika, weka ile picha nyeupe, sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kioo, piga, kisha uikuze: vipande vya rangi vya VA mara nyingi vimesimama wima na kugawanyika, vya IPS vimeinama au vimekunjwa kama ncha ya mshale. Usimtegemee muuzaji, modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo vya aina mbili.

Kwa sebule yako ningechukua IPS.

Ndondo Tukuyu:
Dada, napingana kidogo. Kasema muvi za usiku. IPS nyingi zina kontrasti (tofauti ya nyeupe na nyeusi) ya kama 1000:1, VA ni 3000:1 hadi 5000:1 na zaidi. Zima taa, weka muvi ya giza, utaona nyeusi ya IPS imekuwa jivu. Na usiku huo nani anakaa kochi la pembeni? Wote wamejibana la katikati.

Mama Uyole:
Hapo sawa, kama mko wawili. Nyumba yenye wageni wa mechi kila wikiendi, ni IPS, na usiku aweke taa ndogo nyuma ya TV. Mwanga hafifu ukutani unafanya jicho lione nyeusi kuwa nyeusi zaidi.

Mzee wa Antena:
Kuhusu 4K, yaani pikseli (nukta za picha) mara nne ya Full HD: pikseli ya Full HD kwenye inchi 43 ina upana wa karibu nusu milimita. Kwa macho mazima, ukishavuka mita 1.7 hivi huzitenganishi tena. Wewe uko 3.5. Ichukue 4K kama bei zimekaribiana, lakini usiongeze laki moja kwa sababu yake. HDR (picha yenye mwanga na giza vilivyopishana zaidi) ya TV za bei ya chini ni stika tu: inapokea mawimbi hayo, ila kioo cha niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 250 au 300 hakina mwanga wa kuyaonyesha inavyotakiwa. Ukiona pameandikwa Hz 800 (mara ambazo kioo hubadili picha kwa sekunde), ni hesabu ya matangazo. Kioo chenyewe ni cha 50/60 au 100/120.

Nyumbani tumia waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi, kisha ingia setingi za king'amuzi chenyewe uweke 1080. Waya ule wa njano, nyekundu na nyeupe unaleta mistari 576 tu, ndiyo maana watu wananunua flat halafu wanalia kwamba chogo lilikuwa na picha safi. Na kama vichwa vya watangazaji vimekatwa juu, tafuta ukubwa wa picha, chagua Just Scan au Screen Fit.

Fundi Kabwe:
Mtumba wa Japani: soma kibandiko cha nyuma. Kama ni 100 V tupu, ukiichomeka kwenye 230 yetu pawa saplai imekwenda. Kama ni 100–240 V itawaka, lakini kipokezi chake cha antena (tuner) ni cha mfumo wa Japani, ISDB-T, na Tanzania tunatumia DVB-T2, kwa hiyo antena haitakamata kitu. Itakufaa kwa HDMI pekee. Weka ile picha nyeupe: ukiona duara moja moja zenye mwanga mkali, lenzi za taa za nyuma zimedondoka.

Kijana wa Isyesye:
Ndaga fijo wakuu. Na huu umeme wa kukatika na radi za masika?

Fundi Kabwe:
TV gadi (kile kifaa cha kulinda TV kinachochomekwa kati ya plagi na soketi) inasaidia umeme unapopanda, kushuka na kurudi ghafla. Radi haiizuii. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mawingu yakikaza chomoa plagi pamoja na waya wa dishi. Wengi wanachomoa plagi tu, radi inapita kwenye dishi, inaingia king'amuzi na kuunguza HDMI ya TV.

Backlight (mwanga wa taa za nyuma) iache kwenye 50 hadi 70 kati ya 100. Taa za nyuma zimeungwa mfululizo, moja ikifa mara nyingi zote zinazima: sauti ipo, kioo giza. Ikitokea hivyo, mulika tochi kioo kwa karibu. Ukiona picha kwa mbali, kioo ni kizima, fundi abadilishe seti nzima ya taa kwa zenye volti ileile, 3 V au 6 V kwa kila taa. Akikuambia kioo kimekufa kabla ya kumulika, chukua TV yako.