Mrejesho: Wi-Fi ya USB iliyokufa baada ya kupandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni ile adapta ya Wi-Fi ya USB niliyoiulizia hapa, chipu RTL8821CU, iliyoacha kushika mtandao nilipopandisha toleo la Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) kwenye kompyuta ya steshenari hapa Masasi. Sasa inashika mtandao. Asanteni sana, hasa mkuu aliyesisitiza nianze na lsusb (amri inayoorodhesha vifaa vya USB) kabla ya kugusa chochote.

lsusb ilitoa namba ya utambulisho 0bda:c811, maana yake adapta inajitambulisha kama Wi-Fi. Ingetoa 0bda:1a2b, ingekuwa inajitambulisha kama CD, na dawa yake ni usb_modeswitch, programu ya kuigeuza iwe Wi-Fi.

Kiini cha tatizo kilikuwa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya zamani ya DKMS, mfumo unaojenga draiva upya kila kerneli (kiini cha Linux) inapobadilika. Ilikataa kujengeka kwenye kerneli 6.8, na bado ilikuwa imeacha faili /etc/modprobe.d/8821cu.conf lenye mstari huu:

blacklist rtw88_8821cu

Mstari huo, unaozuia draiva isijipakie yenyewe, ndio ulioifungia nje rtw88_8821cu, draiva iliyomo ndani ya kerneli yenyewe tangu toleo la 6.2. Kwa hiyo sikuhitaji kujenga draiva nyingine, na bando la simu likapona.

Nilitazama jina na toleo la draiva ya zamani kwa dkms status, kisha nikaiondoa, nikafuta faili lile, na kumalizia usakinishaji uliokwama:

sudo dkms remove jina/toleo --all
sudo rm /etc/modprobe.d/8821cu.conf
sudo dpkg --configure -a

Nikawasha upya, mitandao ikajipanga.

Bado kuna kasoro moja: kompyuta ikilala na kuamka, Wi-Fi hupotea. Hurudi nikiiondoa draiva kwa sudo modprobe -r rtw88_8821cu, halafu kuipakia tena kwa sudo modprobe rtw88_8821cu. Kwa sasa nimeizuia kompyuta isilale mchana. Mwenye dawa ya kudumu ya hilo, naomba anielekeze.