Yule jamaa wa brekidauni kaniulia giaboksi halafu ananiuliza "tairi kazi yake si kuzunguka?"

Wakuu nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa brekidauni mnamjua, simtaji, yule mwenye mdomo mrefu kuliko mnyororo wake, leo kanidhalilisha mbele ya bodaboda wote wa Mlandizi.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, automatiki, inavuta tairi zote nne. Hozi ya juu ya rejeta ilipasuka, HOZI TU. Nikampigia nikamwambia kaka njoo na ile inayobeba gari zima mgongoni, hii ni 4WD haivutwi. Akasema sawa dada. Kaja na ile ya kunyanyua pua! Kanyanyua mbele, za nyuma kaziacha zinaburuzika kwenye lami. Nikamwambia kaka subiri, hizo za nyuma zimeungana na giaboksi kwa propela, lile chuma refu linalozunguka chini ya gari, injini ikizimwa pampu ya oili haizunguki, zile klachi za kupeleka nguvu nyuma zitasagana kavukavu. Akageuka, chungwa mdomoni, juisi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akasema "Dada, tairi kazi yake si kuzunguka?" Watu walicheka mpaka mmoja akaangukia pikipiki yake.

Tairi kazi yake si kuzunguka!!

Kilomita 30 na ushee mpaka Mbezi. Tulipofika Maili Moja nikasikia harufu ya ukoko uliosahauliwa jikoni, nampiga bega simama, simama, yeye anaongeza redio. Jioni fundi kafunga hozi mpya gari ikawaka safi, nikamshukuru Mungu, kukata kona nitoke getini gari inagoma, inarukaruka kama kuna mtu kashika handbreki. Fundi akafungua bolti ya chini ya giaboksi, oili ikatoka nyeusi kama kahawa ya kijiweni, akachovya kidole akanusa akaninyooshea kidole chenyewe bila kusema neno. Na hela yake ya kuvuta kachukua yote, hata mia hajapunguza. Eti tairi kazi yake nini!

Kipara wa Tegeta: Namjua huyo 😂 Ila dada na wewe, uliona kashanyanyua pua bado ukapanda mbele ukakaa? Ungelala chini ya tairi.

Mzee wa Spana: Mleta uzi yuko sahihi kabisa. 4WD ya kudumu ama tairi zote nne zipande juu, ama za mbele zinyanyuliwe na za nyuma ziwekewe vile vitoroli vya kubebea tairi. Sio suala la tairi, ni kilichoungana na tairi.

Bwana Mapemba: Si ungechomeka fyuzi kwenye ile soketi ya FWD kwenye boneti, ya kufanya gari ivute mbele tu? Nyuma inakatika.

Mzee wa Spana: Mkuu acha kupotosha watu. Ile ni ya pale unapofunga spea ndogo, lile tairi jembamba la akiba, na gari linatembea lenyewe. Injini imezima fyuzi itasaidia nini?

Mleta uzi: Nilitaka kumweleza yote hayo akanijibu na chungwa mdomoni! CHUNGWA!

Vitz Milele: Nunua Vitz ya kuvuta mbele. Inyanyue pua uende mpaka Mwanza, nyuma hakuna kitu.

Kipara wa Tegeta: Bora wa brekidauni, mafundi pancha je? Wangu alipiga jeki tairi moja la nyuma, gari inaunguruma, akatia gia ya D eti asikilize beringi. La nyuma linaning'inia, za mbele ziko chini. Gari likaruka toka kwenye jeki likaenda kubusu genge la nyanya. Nimelipa nyanya ndoo tatu.

Binti Kinondoni: Mimi kanifungia nati za Toyota kwenye Subaru. Subaru nafasi ya uzi wake ni milimita 1.25, Toyota 1.5, haziingiliani, yeye kakandamiza na spana ya bomba mpaka stadi zote tano, zile bolti za kushikia tairi, zikala uzi. Namuuliza ananiambia "zimekaza vizuri hizo".

Bwana Mapemba: Na wauza tairi? Wanakuuzia mbili mpya unafunga mbele, nyuma vipara, kwenye 4WD. Mzunguko unatofautiana, klachi inafanya kazi mchana na usiku mpaka inaungua. Bora zote nne zilingane.

Vitz Milele: Vitz unafunga hata saizi nne tofauti.

Mzee wa Spana: Hapana mkuu, hiyo nayo sio.

Binti Kinondoni: Jamani hizo stadi za Subaru Ilala zinapatikana duka gani? Nimezunguka tangu asubuhi.

Mleta uzi: Mbona mmehama?? Hivi mmesoma alichonijibu??

Kipara wa Tegeta: Wakuu nauza rimu 4 za Forester, tundu tano, njoo PM. Nyanya zinanidai.

Binti Kinondoni: Zina nati zake?