Tupeane uzoefu: siku ulipogundua kwamba mti wako una majani matupu

Mwanzilishi wa mada, Mabanga, Goma

Ndugu wapendwa, nimeanzisha mada hii baada ya kuchoshwa na mazungumzo yetu ya kila juma kuhusu wachungaji wenye magari ya kifahari na manabii wanaouza mafuta ya upako. Hayo tunayajua, na kuyasimulia hakutugharimu kitu. Leo naomba kila mmoja asimulie ya kwake: ni lini uligundua kwamba dini unayo lakini tunda huna, na ni nini kilichofuata? Anayetaka kumsema jirani asubiri mada nyingine.

Naanza mimi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku, na asubuhi ya 27 Mei tukaamriwa kuhama mitaa 10 kati ya 18 ya jiji. Nilikuwa mzee wa kanisa, tena mwongozaji wa mkesha wa Ijumaa, na nilikuwa na gari. Nilipakia kinanda cha kwaya, spika mbili, mfuko wa nyaya na suti zangu tatu, kwa kuwa niliona ni wajibu wangu kuokoa mali ya Bwana. Kwenye barabara ya Sake, mahali ambapo magari, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilikuwa zimebanana hata hakuna aliyesogea, mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, aligonga kioo. Nilikishusha kidogo nikamwambia kwamba gari limejaa vyombo vya kanisa. Sikusema uongo. Alitazama ndani, akaona kinanda kimelazwa kwenye kiti cha nyuma juu ya blanketi, akasema, "Sawa, Papa," akaendelea kutembea.

Kinanda kilifika bila mkwaruzo. Juni tuliporudi, nilimkuta kwenye foleni ya maji, akanisalimu, "Bwana asifiwe, Papa," kwa sauti isiyo na kinyongo chochote, nami nikashindwa kuitikia "Amina".

Tangu siku hiyo nimeusoma upya ule mstari wa Wagalatia 5:22 ambao nilikuwa nimeuhubiri mara nyingi. Paulo hasemi "matunda ya Roho", anasema "tunda", moja, kisha anataja mambo tisa ndani yake, kuanzia upendo hadi kiasi. Mimi nilikuwa nikijihesabia uaminifu, maana kweli nililinda vyombo, na upendo nikauacha barabarani, kana kwamba tunda hilo ni sahani ya chakula ambayo mtu huchagua anachopenda na kusukuma pembeni kingine.

Mama muuza maharagwe, Birere, Goma

Mzee, umenitia moyo, nami nitasema. Nimeongoza kikundi cha waombezi kwa miaka sita, na muda wote huo nilikuwa na makopo mawili ya kupimia. Moja lilikuwa zima. La pili kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa jiwe kikainuka ndani, kiasi cha vidole viwili, na ukilijaza mpaka lifanye kilima, mnunuzi hutazama kilima wala haulizi kuhusu kitako. Sikujiona mwizi, kwa sababu wengi waliokuwa wakiuza karibu nami walikuwa nalo.

Siku moja mke wa mchungaji alikuja kununua, nami nilikuwa nimeinama nikifungua gunia. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye alikuwa akinisaidia, aliuliza kwa sauti: "Mama, huyu ni wa kopo gani?" Mke wa mchungaji alicheka, akidhani mtoto anauliza habari za aina ya maharagwe. Mimi nilihisi jasho mgongoni. Jioni hiyo tulikuwa na maombi ya mnyororo, na kila nilipofungua mdomo nilisikia sauti ya mtoto tu.

Nisiwadanganye kwamba nilitubu nikabarikiwa. Nilianza kutumia kopo zima kwa bei ileile, na kwa majuma mawili faida ilikuwa ndogo mno hata nikakopa fedha za makaa. Kisha nikaongeza bei wazi, faranga mia kwa kila kopo, na wateja kadhaa wakahamia kwa wenzangu wenye kilima kizuri. Wengine hawajarudi hadi leo.

Dekalara, mpaka wa Grande Barrière, Goma

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, na waliokaa Kongo wanajua neno "madesu ya bana", maharagwe ya watoto, ambalo kwa kweli si maharagwe bali ni hongo iliyovikwa nguo ya huruma. (Mama, samahani kwa kuyataja maharagwe tena.) Kwa miaka mingi niliyapokea na kuyatoa, na kila mwisho wa mwezi nilikokotoa fungu la kumi, hongo ikiwemo, nikaliweka ndani ya bahasha nyeupe yenye jina langu. Jina hilo lilisomwa mbele ya waumini, nasi tukapiga makofi.

Februari 2023, Papa Fransisko alipozungumza na vijana pale Kinshasa, alimtaja kijana wa hapa kwetu, Floribert Bwana Chui, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya udhibiti wa bidhaa, akakataa fedha za kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Nilikuwa nimeshasikia habari zake, lakini siku ile ya hotuba nilifanya hesabu: mwaka wa kifo chake nami nilikuwa tayari nafanya kazi katika mpaka huohuo. Sikumbuki kama wakati ule nilijiuliza ni nani wangekula chakula kile. Nakumbuka tu kwamba tulisema, "Kijana alijitafutia."

Nimepunguza. Sijaacha kabisa, na sitaki kuandika hapa kitu ambacho wenzangu wa mpakani wakikisoma watacheka. Ila bahasha ya fungu la kumi sasa naitia bila jina, na hongo siihesabu ndani yake, kwa sababu nimeona aibu kumshirikisha Mungu mgawo wake.

Ndugu Mwislamu, Majengo, Goma

Kwetu jambo hili linaitwa riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone. Sura ya Al-Maun ni fupi, aya saba tu, nasi huisoma tangu utotoni: inawaonya wanaosali kwa kujionyesha huku wakiwanyima watu msaada mdogo. Ramadhani moja, nikiwa nimevaa kanzu mpya kuelekea tarawehe, mtoto wa jirani alikuja na bidoni la manjano kuomba maji ya tangi langu. Nilimwambia aje kesho. Nilisali rakaa zote usiku ule, na sikumbuki hata moja.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kadutu, Bukavu

Nawashukuru wote, lakini naomba tusiyadharau majani. Mume wangu alipokuwa akinywa mshahara wote, kilichonishikilia ni mazoezi ya kwaya ya Jumanne na Alhamisi, sare, na nyimbo nilizoimba bila kuzisikia moyoni. Kama mngeniona wakati ule mngesema naigiza, na kweli niliigiza, lakini mti usio na majani hauzai, unakauka. Katika Injili ya Marko, kosa la ule mtini uliolaaniwa na Yesu ni kujionyesha kwa majani mengi na kumnyima kitu yeye aliyeukaribia akiwa na njaa. Majani yenyewe hayakulaaniwa kwa kuwa ni majani.

Mume wangu hajawahi kutoa ushuhuda kanisani, na watu wa jumuiya bado wanamwombea kana kwamba hajaokoka. Lakini mwaka wa tatu sasa, kila anapolipwa, anaiweka karatasi ya mshahara mezani kando ya kibatari, ikiwa imekunjuliwa, kisha anakaa na kuniuliza tuanze na nini. Mara ya kwanza mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Mwanzilishi wa mada

Mwalimu, umenirekebisha, nami nakubali. Mama wa Birere, kabla hatujaendelea na wengine, nina swali dogo: lile kopo la zamani ulilitupa?

Mama muuza maharagwe

Hapana, Mzee. Liko jikoni. Binti yangu analitumia kuzolea majivu.