Vipisi vya sabuni vinavyobaki: tubandike, tutie kwenye dodoki au tuyeyushe?

Bi Mkubwa wa Wete

Assalaam alaykum. Nyumba yetu ina watu wengi na kila mmoja ana kipande chake cha kuogea, kwa hiyo kopo la chooni halikosi vipisi vyembamba ambavyo mkono hauwezi tena kuvishika na ambavyo watoto huvitupa mtaroni mara wanapoona sabuni mpya imefunguliwa. Nimeambiwa kuna njia tatu za kuvitumia: kuvibandika kwenye kipande kipya, kuvitia ndani ya dodoki, au kuviyeyusha. Naomba anayezijua anieleze tofauti zake kwa upande wa gharama, kazi, na sabuni inayopatikana mwishowe. Maji yetu ni ya mfereji, lakini yanapokatika tunateka kisimani. Vipisi vingi ni vya kuogea na vichache ni vya mche wa kufulia.

Mama Pacha, Kikwajuni

Wa alaykum salaam, Bi Mkubwa. Mimi ni wa kubandika, na sioni haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Watu wanaolalamika kwamba kipisi kinabanduka huwa wanakibandika kikiwa kikavu, au wanakibandika asubuhi kisha watu wote wa nyumba wanakiogea kabla hakijashika. Kazi hii ifanyike usiku, baada ya mtu wa mwisho kuoga. Kipisi kilowekwe kidogo mpaka kilainike pande zote, kipande kipya nacho kisuguliwe kwa maji mpaka kitoe povu, kisha vikandamizwe kwa kiganja na kuachwa mpaka asubuhi mahali penye upepo. Vipande vingi vya kuogea vina kibonde pale palipoandikwa jina la kiwanda, na kipisi kikilazwa humo hakitoki.

Kipisi cha zamani chenye nyufa nyeusi kikwanguliwe kwanza kwa kisu, kwa sababu ule weusi ni uchafu ulioingia na hapo hakitashika. Wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu siku nzima, pale palipobandikwa huchelewa kukauka, kwa hiyo siku hizo ni afadhali kuvikusanya kwenye kopo kavu na kusubiri jua.

Mpwani wa Jambiani

Dada Mama Pacha amesema kweli kuhusu gharama, lakini nadhani maji ya Kikwajuni yanamdekeza. Sisi tunaoishi uwandani tunateka visima vyenye chumvi, na sabuni iliyobandikwa au isiyobandikwa hutoa povu kwa shida. Hapo ndipo dodoki linapofaa, kwa sababu nyuzi zake huisugua sabuni kila upande na kupata povu ambalo mkono mtupu haulipati.

Dodoki lililokauka lina mianya mirefu inayopita katikati yake. Kata kipande cha urefu wa kiganja, kichane ubavuni kwa kisu chenye makali, sukuma vipisi ndani ya ile mianya mpaka vikae, kisha funga kwa uzi au kitambaa. Baada ya kuoga likamuliwe na kutundikwa dirishani, si kuachwa ndani ya beseni, kwa kuwa dodoki lisilokauka huota ukungu na kuanza kunuka. Hata likitunzwa vizuri libadilishwe kila baada ya wiki chache, na asiyekuwa na mdodoki uani atumie kipande cha wavu wa vitunguu kilichokunjwa mara mbili. Nyuzi za makumbi sizishauri kwa watoto, kwani hukwaruza ngozi. Hizo ziachiwe masufuria.

Maalim wa Kemia, Chake Chake

Naomba niingie kwenye kuyeyusha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotarajia kitu kimoja na kupata kingine. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, na sabuni ya aina hiyo kwa asili yake ni ngumu, wakati sabuni halisi ya maji hutengenezwa kwa hidroksidi ya potasiamu. Ukiyeyusha vipisi vyako ndani ya maji hutapata ile inayouzwa kwenye chupa; utapata kitu kinachomiminika kikiwa moto na kuvutika kama mlenda kikishapoa. Kinafaa kunawia mikono na kuoshea sakafu, ila asiyelijua hilo hudhani ameharibu.

Kwa gramu 100 za vipisi vilivyokatwakatwa vyembamba, lita moja ya maji inatosha. Moto uwe mdogo, kwa sababu sabuni ikichemka kwa nguvu hufura na kumwagikia jiko. Wala mtu asitumie mbuzi ya nazi kukunia vipisi, maana harufu yake itahamia kwenye mchuzi na haitatoka upesi. Rojo hilo halina dawa ya kulizuia kuharibika, kwa hiyo lipikwe dogo, la kumalizika ndani ya wiki moja au mbili, na likianza kunuka limwagwe.

Jambo ambalo Bi Mkubwa amelitaja kwa kupita, nalo kwangu ndilo kubwa, ni maji. Chumvi huitenga sabuni na maji, na viwandani hutumika makusudi kwa kazi hiyo, kwa hiyo mtu anayeyeyushia maji ya kisima cha pwani asishangae kuona mabonge yakielea juu. Zaidi ya chumvi, maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa hubeba kalisiamu na magnesiamu, nazo huigeuza sabuni kuwa ule utando mweupe usiotoa povu unaong'ang'ania ubavuni mwa beseni. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati hayana tatizo hilo, nami singeyeyushia maji mengine. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi huvumilia chumvi kuliko nyingine, na ndiyo sababu mabaharia walikuwa wakipewa sabuni ya aina hiyo ili waweze kuogea maji ya bahari.

Bi Mkubwa wa Wete

Ahsante sana, Maalim. Na anayetaka kipande kigumu badala ya rojo, atafanyaje? Tena nina wasiwasi na hesabu ya mkaa.

Maalim wa Kemia, Chake Chake

Wasiwasi wako una msingi. Kipisi kimoja hakizidi gramu tano hadi kumi, kwa hiyo unahitaji zaidi ya kumi ili kufikia kipande kimoja cha kawaida, na mkaa au gesi utakayounguza huenda ikala thamani yote ya ulichookoa. Anayetaka kufanya hivyo aweke vipisi kwenye sufuria ndogo iliyokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, aongeze vijiko vichache tu vya maji, akoroge taratibu mpaka vishikane, kisha amimine ndani ya kifuu cha nazi kilichopakwa mafuta kidogo. Kikishaganda kitolewe na kuachwa kivulini wiki kadhaa, la sivyo kitaisha upesi bafuni. Sura yake itakuwa na mabonge, na baadhi ya vipande vya kuogea vinavyouzwa kwa ajili ya ngozi laini havitayeyuka sawasawa na vingine, kwa sababu si sabuni ya mafuta bali ni madawa mengine ya kusafishia yaliyogandishwa.

Vya kufulia usivichanganye na vya kuogea kwa njia yoyote kati ya hizi tatu. Mche wa kufulia hukausha ngozi, na baadhi yake hutiwa vitu vya kung'arisha nguo ambavyo havikukusudiwa uso wa mtoto.

Fundi wa Chereheni, Darajani

Mmezungumzia maji na moto, nami nina njia isiyohitaji kimojawapo. Kipisi cheupe kilichokauka kabisa ndicho chaki yetu. Makali yake membamba huchora mstari ulio wazi juu ya baibui jeusi au suruali ya rangi nzito, na mstari huo hutoka nguo ikifuliwa. Kinachotakiwa ni kikavu na kisichotiwa mafuta mengi, kwa sababu sabuni yenye mafuta huacha doa pasi inapopita juu yake. Kwa hiyo mistari ipigwe brashi kabla ya pasi. Cha rangi kijaribiwe kwanza kwenye kijipande cha kitambaa. Kwa kanzu nyeupe, bila shaka, hakisaidii kitu. Droo au dirisha la mbao linalokwama wakati wa masika nalo hulainika likisuguliwa kwa kipisi hichohicho.

Mfuaji wa hoteli, Nungwi

Kwetu hesabu ya Maalim inageuka, kwa sababu wageni huacha sabuni ndogondogo zilizotumika mara moja tu, na ndoo hujaa haraka. Kwa wingi huo kuyeyusha kunalipa. Hata hivyo tunazikwangua juu kwanza, na kinachopatikana tunakitumia kwa sakafu na vitambaa vya kupangusia, si kwa mwili wa mtu.

Mpwani wa Jambiani

Naongeza moja kwa Bi Mkubwa. Dodoki lisitundikwe juu ya ndoo ya maji ya udhu. Maji yaliyobadilika kwa sabuni hayatwahirishi kwa madhehebu ya Shafi tuliyo nayo wengi wetu, na tone baada ya tone ndoo hubadilika.

Bi Mkubwa wa Wete

Nimewaelewa, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nitaweka makopo mawili, la kuogea na la kufulia. Vya kuogea tutavibandika kila usiku maadamu maji ya mfereji yapo, na siku za kisima tutatumia dodoki, kwa kuwa lipo uani bila kununuliwa. Vya kufulia nitavitia kwenye wavu na kuvifulia vitambaa vya jikoni. Kuyeyusha nimekuacha. Vyeupe vilivyokauka vizuri nimeshamwahidi jirani yangu anayeshona, naye amevitaka leo hii.